Utupu wa Nini?

Msomaji mpenzi, nataka tuzungumze juu ya neno moja la Kiingereza ambalo hapana shaka umekwisha kukutana nalo darasani: neno “void”. Ni neno fupi, lenye herufi nne tu, na wengi hulifasiri kwa pumzi moja: “tupu”. Mwanafunzi akiliona katika kifungu cha sheria, huandika tupu. Akiliona katika kitabu cha sayansi, huandika tupu. Akiliona katika barua ya rambirambi, huandika tupu vilevile, kisha huweka kalamu chini akaridhika. Mimi nasema kwamba mwanafunzi huyo amekosea mara tatu, tena kosa lake si kosa dogo la kamusi. Ni kosa la namna ile ile iliyowahi kuwagharimu watu wa nchi hii mashamba yao, na ambayo yaweza kuwagharimu tena.

Najua liko jibu litakalotolewa upesi. Wako wasemao kwamba mwanafunzi huyo hana lawama, kwa kuwa Kiswahili chenyewe ndicho kisicho na maneno. Ati Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya utani. Ukitaka kusema jambo la mahakama au la maabara, huna budi kuazima kinywa cha mwingine. Kwa kifupi, wanasema Kiswahili ni lugha tupu. Insha hii imeandikwa ili kuwapinga hao. Lakini kabla ya kuwajibu, yafaa tulitazame neno lenyewe, tulipime mzigo wake, na tuone ni nani aliye tajiri na ni nani aliye maskini.

“Void” liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, nalo ni la ukoo mmoja na maneno ya Kilatini yenye maana ya kuwa wazi au kuachwa. Katika ukoo huo mna “vacant”, linalotajwa mahali au kazi isipokuwa na mtu, na “vacuum”, linalotajwa katika sayansi. Hata “avoid”, ambalo leo ni kuepuka, hapo kale lilikuwa na maana ya kuondoa kitu kilichomo au kuondoka mahali. Ukoo ni mkubwa, lakini “void” peke yake limebebeshwa kazi nyingi mno, mfano wa punda mmoja aliyetwikwa mizigo ya nyumba nne. Kiswahili hakikufanya hivyo. Kila mzigo kilitafutia punda wake.

Tuanze na sheria. Mkataba wa wezi wawili waliopatana kugawana mali ya wizi una karatasi, una wino, una sahihi mbili, na pengine una mashahidi. Umejaa hadi pembezoni mwa ukurasa. Lakini mbele ya sheria hauna nguvu tangu siku ulipoandikwa. Mwingereza huuita “void”. Sisi huuita batili. Katiba ya Kenya, iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, inaeleza katika kifungu chake cha 2 ya kuwa sheria yoyote inayopingana nayo ni batili kwa kadiri ya kupingana kwake. Na tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitangaza kuwa uchaguzi wa rais uliofanywa tarehe 8 Agosti mwaka huo ulikuwa batili, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba. Sasa mfikirie mfasiri anayeandika kwamba uchaguzi ule ulikuwa mtupu. Msomaji wake atadhani kwamba hakuna aliyepiga kura, na hali masanduku yalijaa kura za mamilioni ya watu. Kilichokosekana si kura, ni uhalali. Tupu na batili ni maneno mawili ya mambo mawili, na mwenye kuyachanganya hupotosha historia ya nchi yake kwa neno moja.

Twende msibani. Mzee mwenye hekima akifa, Mwingereza husema kwamba ameacha “void” nyuma yake. Sisi husema ameacha pengo. Na pengo ni nini? Pengo ni nafasi ya jino lililong'oka. Halikosi kuonekana mtu akicheka, na ulimi huligusa kila mara bila kuamriwa. Neno hilo halikutuambia tu kwamba mtu hayupo. Limetuambia kwamba alikuwa na mahali pake, katika safu pamoja na wenzake, na kwamba waliobaki watamhisi kila watakapokula. Anayesema “ameacha utupu” ametoa habari. Anayesema “ameacha pengo” ameomboleza. Tena kama aliyebaki hana wa kumtazama, tunalo neno mkiwa, na hali yake ni ukiwa. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 walipofika katika habari ya dunia kabla ya kupangwa, hawakuona dhiki ya maneno. Waliweka ukiwa na utupu pamoja, kila neno likafanya kazi yake.

Sasa tuingie maabara. Wanafunzi wa Aristotle walishikilia kwa karne nyingi kwamba ulimwengu haukubali mahali pasipo na kitu. Mwaka 1643, Mtaliani Evangelista Torricelli alifanya jaribio la mwanzi wa kioo uliojazwa zebaki na kupinduliwa ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ikashuka ikasimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi, na juu yake pakabaki nafasi isiyokuwa na hewa. Baadaye, katika miaka ya 1650, Mjerumani Otto von Guericke alikutanisha mabakuli mawili ya shaba, akatoa hewa iliyokuwamo kwa pampu yake, na farasi waliofungwa kila upande wakashindwa kuyaachanisha. Nafasi ya namna hiyo, iliyotolewa hewa, Kiswahili huiita ombwe. Na angalia, msomaji wangu, mafunzo ya ombwe lile: halikuyavuta mabakuli kwa nguvu zake, hewa ya nje ndiyo iliyoyakandamiza. Aliyetazama ndani tu alistaajabu bure. Sababu ilikuwa nje.

Ombwe hilo hilo hukusaidia kila siku. Mwaka 1892 Mskoti James Dewar alitengeneza chupa yenye kuta mbili, akaondoa hewa katikati ya kuta hizo. Joto halipati hewa ya kulibeba, likabaki ndani. Hiyo ndiyo asili ya chupa ya chai iliyo mezani kwenu nyumbani. Kilichozuia chai isipoe ni ile nafasi ambayo mtu mwenye pupa angeiita tupu na kuona kwamba imepotea bure.

Hata katika hesabu hatuukwepi utupu. Unapoandika sifuri, unaandika neno ambalo katika Kiarabu lina maana ya kisichokuwa na kitu. Mwanahesabu wa Kihindi, Brahmagupta, alikwisha kuandika kanuni za kuitumia namba hiyo mwaka 628. Waarabu wakaipokea na kuipa jina. Na mwaka 1202 Fibonacci wa Pisa akaieleza Ulaya kwa Kilatini. Jina hilo la Kiarabu ndilo lililozaa “zero” la Waingereza, baada ya kuzunguka katika lugha nyingine. Sisi tulilipokea kutoka kwa Waarabu wenyewe. Basi na ajitokeze mtu anayesema kwamba sifuri si kitu, akamdai mwenye duka shilingi 205, kisha akubali kulipwa 25! Sifuri iliyo katikati haina chochote ndani yake, lakini imeshika mahali, na kushika mahali ni kazi.

Mpaka hapa tumekwisha kuhesabu: batili, pengo, ukiwa, ombwe, sifuri. Bado sijataja uvungu wa kitanda, wala nafasi iliyo wazi katika ofisi, wala kazi iliyofanywa bure, wala mahame, ambayo ni mahali palipohamwa na watu. Hayo ndiyo maneno ya lugha inayosemekana haina maneno!

Lakini na tupu lenyewe tusilipuuze, kwa maana ndilo lenye siri kuu. Tupu si neno la kukosa tu. Twasema dhahabu tupu, yaani dhahabu isiyochanganywa na kitu kingine. Twasema maji matupu, wali mtupu, wanawake watupu, uongo mtupu. Dhahabu tupu ni tupu kwa kuwa imejaa dhahabu. Uongo mtupu ni mtupu kwa kuwa ukweli haumo. Kumbe tupu daima lina swali lililojificha nyuma yake: tupu ya nini? Utupu wa nini? Hakuna kitu kilicho kitupu hivi hivi. Chumba kisichokuwa na watu kina hewa. Kisichokuwa na hewa kina mwanga. Na kisichokuwa na mwanga kina giza, nalo giza lina popo wanaolipenda. Mtu anaposema “hapa ni patupu”, hakuelezi mahali hapo. Anakueleza alikuja kutafuta nini, akakikosa.

Hili ndilo neno ninalotaka ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Anayetaja utupu hutaja kwanza haja yake mwenyewe. Mvuvi akirudi pwani na nyavu tupu, bahari haikuwa tupu. Nyavu zake ndizo zilizokuwa tupu.

Sasa nitakuonyesha hasara ya kulisahau neno hilo. Ukipita Ukambani utaona mizinga ya magogo imetundikwa mitini. Mingine ina nyuki, mingine haina. Mzinga usio na nyuki ni gogo lililochongwa ndani likabaki uvungu. Mpita njia mwenye adabu haushushi akaenda nao kwake kwa kisingizio kwamba ni mtupu. Anajua kwamba aliyeuchonga yupo, na kwamba uvungu ule unangoja nyuki, msimu wa maua utakapofika. Utupu wa mzinga ni ahadi, na ahadi ina mwenyewe.

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake katika Afrika ya Mashariki. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na serikali ikataka walowezi wa kulima ili reli ipate mizigo ya kubeba. Walihitaji ardhi. Tayari mwaka 1899 wanasheria wa serikali ya Uingereza walikuwa wamekwisha kutoa shauri kwamba katika himaya kama hiyo dola laweza kuitawala na kuigawa ardhi iliyo pori na isiyokaliwa. Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna tangu mwaka 1901 hadi 1904, aliifananisha nchi hii, katika kitabu chake cha mwaka 1905, na kibao kisichoandikwa kitu. Angalia jinsi neno lilivyotangulia, na kamba ya kupimia ikafuata.

Je, ardhi ile ilikuwa tupu? Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wa wafugaji. Mwishoni mwa miaka hiyo ukaja ukame, zikaja nzige, ukaja ndui, ikaja njaa. Sehemu za Kiambu zilipoteza watu wengi. Wengine walikufa, na wengine walirudi kwa jamaa zao upande wa kaskazini kungoja mvua na afya. Mgeni alipofika akakuta makonde yaliyoota magugu, akaandika kwamba hapana watu. Lau angalimwuliza mwenyeji jina la mahali kama hapo, angaliambiwa: hapa ni mahame. Na katika neno mahame mna hama, na katika hama mna mtu, na mtu aliyehama aweza kurudi. Lakini hakuuliza. Kwake nchi ilikuwa mahali penye watu au mahali patupu, wala hakujua jina la katikati.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa malisho. Wamaasai hawakukaa mahali pamoja mwaka mzima. Waliacha nyanda fulani zipumue wakati wa mvua ili wazirudie wakati wa kiangazi. Nyanda iliyoachwa kwa hekima ilionekana kama nyanda iliyotupwa. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia kwa ahadi ya kudumu. Na kwa mapatano mengine ya mwaka 1911 wakaondolewa Laikipia nako. Walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 waliambiwa kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya dola na dola, na kwa hiyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuyaamua. Yatafakari hayo, msomaji. Ilipotakiwa ardhi, nchi ilikuwa haina mwenyewe. Ilipodaiwa haki, wenyewe walikuwa dola zima!

Sheria nayo haikukaa nyuma. Sheria ya Ardhi za Taji ya mwaka 1902 ilimkataza Kamishna kuuza au kukodisha ardhi iliyokuwa ikikaliwa na wenyeji kwa hakika. Maneno mazuri, lakini tazama mlango wa nyuma: katika shamba la mlowezi, kipande kilichokaliwa na wenyeji kingepita mikononi mwa mlowezi mara watakapoacha kukikalia. Yaani mtu akihama kidogo, akifiwa, akikimbia njaa, haki yake imekwisha. Sheria ya mwaka 1915 ikaongeza muda wa kukodishwa hata kufika miaka 999, ikazitia katika Ardhi za Taji hata zile zilizokaliwa na wenyeji. Kisha mwaka 1921, katika kesi ya Isaka Wainaina, Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba wenyeji walikuwa wapangaji wa hisani tu katika ardhi ya Taji, wawezao kuondolewa kwa matakwa ya mwenye nyumba. Ndani ya miaka ishirini na miwili, tangu shauri la 1899 hadi hukumu ya 1921, neno moja lilikuwa limewageuza wenye nchi kuwa wapangaji.

Nasikia mtu akinipinga. Anasema: “Lakini kweli palikuwa na sehemu zenye watu wachache.” Namjibu: uchache si utupu. Shamba la mjane mmoja halikuwa bure kwa kuwa mjane ni mmoja. Mwingine atasema: “Hawakuwa na hati.” Namjibu: kisichokuwa na karatasi ni kitupu cha karatasi, si kitupu cha mwenyewe. Huko Australia nako sheria ya Waingereza ilishikilia kwamba nchi ile ilikuwa haina wenyewe walipofika. Eddie Mabo, mtu wa kisiwa cha Mer, pamoja na wenzake, wakaipinga habari hiyo mahakamani kwa ajili ya makonde ya wazee wao. Mahakama Kuu ya Australia iliwapa haki tarehe 3 Juni 1992, miezi michache baada ya Mabo mwenyewe kufa. Kilichokuwa batili hakikuwa haki ya wenyeji. Ni lile neno lililosema kwamba hawakuwapo.

Huenda sasa umekwisha kukunja uso ukiwalaumu wageni wa zamani. Kunjua uso kwanza, maana lawama haijamalizika, nayo yaja mlangoni kwetu. Wageni wale walikwenda zao, lakini neno lao walituachia, na sisi tumelitumia dhidi yetu wenyewe. Ni mara ngapi umesikia kaskazini mwa Kenya ikiitwa jangwa tupu? Waraka wa Serikali namba 10 wa mwaka 1965 ulishauri kwamba fedha za maendeleo zitiwe mahali zitakapozaa upesi zaidi, na sehemu kame zikabaki nyuma kwa miaka mingi. Na nini kimo katika utupu ule? Karibu na Ziwa Turkana, mwaka 1984, yaligunduliwa mabaki ya kijana wa Nariokotome, mwenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Huko huko, mahali paitwapo Lomekwi, wataalamu waligundua zana za mawe za miaka milioni 3.3, wakaitangaza habari yake mwaka 2015. Dunia nzima huja huko kusoma mwanzo wa mikono ya binadamu, nasi tunapaita patupu kwa sababu hapaoti chai!

Wala tusiende mbali hivyo. Katikati ya Nairobi, mwaka 1989, walitokea watu waliotaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru. Profesa Wangari Maathai aliwapinga, akatukanwa, lakini hakunyamaza, na jumba halikujengwa. Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walikuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Walipoandamana, polisi waliwarushia gesi ya machozi, na baada ya nchi nzima kupiga kelele ardhi ile ikarudishwa kwa shule. Aliyeutamani uwanja ule aliona nini? Aliona mahali patupu. Watoto waliona nini? Waliona mahali palipojaa mbio, mpira, vicheko na masika ya majani. Uwanja wa shule sharti uwe wazi, kama mzinga sharti uwe uvungu na chungu sharti kiwe na nafasi ndani. Ukijazwa, umekufa.

Ndiyo maana nimesema kwamba kosa la mwanafunzi wetu si kosa dogo. Anayezoea kuandika “tupu” kila aonapo “void” anajifunza kutazama bila kuuliza. Leo atauita mtupu mkataba ulio batili; kesho atayaita matupu malisho ya jirani yake; keshokutwa atakuwa afisa mwenye muhuri, naye atatia sahihi. Katiba yetu, katika kifungu cha 63, imeyataja malisho, misitu na mahali pa ibada kuwa katika ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ikatungwa mwaka 2016. Lakini maneno ya sheria yatalindwa na nani, kama si na watu wanaojua kutofautisha maneno?

Nawarudia sasa wale walioiita lugha yetu tupu. Walikuja na ndoo iliyofumwa kwa lugha nyingine, wakaitumbukiza kisimani bila kamba ya kufika chini, wakaivuta ikiwa kavu, kisha wakatangaza kwamba kisima hakina maji. Hawakujua batili, hawakujua ombwe, hawakukumbuka pengo, wala mahame hawakuwahi kuyasikia. Utupu waliouona ulikuwa wao. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na kelele za kukidharau Kiswahili aghalabu hutoka katika debe la namna hiyo. Sisemi kwamba lugha yetu imekamilika. Hakuna lugha iliyokamilika, na ambapo neno halipo tutalitunga au tutaliazima bila haya, kama tulivyopokea sifuri. Lakini anayetaka kuazima kwa jirani na apekue kwanza ghala la mama yake.

Na wewe, msomaji mpenzi, labda siku moja umeambiwa, au utaambiwa, kwamba kichwa chako ni kitupu. Usilie, wala usigombane. Uliza tu kwa heshima: kitupu cha nini? Kama ni kitupu cha hesabu, hesabu hufundishwa. Kama ni kitupu cha maneno, kamusi ipo, na wazee wapo. Nafasi iliyo wazi kichwani mwa kijana ni uvungu wa mzinga: inangoja nyuki. Litakuwa jambo la aibu ikiwa wewe mwenyewe utakubali kwamba hakuna chochote humo na hakutakuwa na chochote kamwe.

Basi utakapoliona tena neno lile la herufi nne, usiwe na haraka. Liulize limetoka mahakamani, au msibani, au maabara, au katika kinywa cha mtu mwenye kamba ya kupimia mkononi. Kisha chagua neno lake sawasawa. Na kila utakapomsikia mtu akisema kwamba nchi fulani, au lugha fulani, au watu fulani ni watupu, simama wima umwulize swali lile lile moja, tena usimwache mpaka ajibu: utupu wa nini?